Moto wa jiko la gesi ukigeuka njano, anzia kwenye bana

Wateja wangu wengi hunipigia simu wakiwa wameshaamua kwamba wameuziwa gesi mbaya. Sufuria imeshika masizi, maharage hayaivi, moto ni wa njano na unachezacheza. Mama mmoja alibadilisha mtungi mara mbili kwa wiki moja. Nilipofungua jiko lake nikakuta buibui amejenga ndani ya shingo ya bana, yaani kile kichomeo ambacho moto hutokea kwenye matundu yake. Hela ya mtungi wa pili ilipotea bure, na iliniuma kwa sababu dawa yake ilikuwa brashi na robo saa.

Maelezo haya ni ya jiko la mezani la pleti mbili au tatu, lenye mpira wa kupitisha gesi na regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi.

Kabla ya yote: kagua uvujaji. Zima moto wote, kisha changanya sabuni ya unga na maji upate povu zito. Fungua mtungi huku swichi za jiko zikiwa zimefungwa, halafu paka povu kwenye regulata, kwenye klipu zinazobana mpira na kwenye mpira mzima. Mapovu yakivimba, hapo panavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni, kwa hiyo unaweza kusimama ndani yake pua isikwambie mapema. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya umeme.

Hatua ya 1: washa pleti zote. Njano ikiwa kwenye pleti moja tu, kosa liko kwenye pleti hiyo, mtungi hauhusiki. Zikiwa njano zote kwa pamoja, tikisa mtungi. Gesi ikikaribia kuisha moto hubadilika rangi. Zikiwa za bluu lakini dhaifu zote, angalia mpira nyuma ya meza. Mara nyingi umekunjika au umebanwa na mguu wa meza.

Cheche za rangi ya machungwa zinazopita haraka zisikutishe. Chumvi ya mchuzi uliomwagikia ikiungua hutoa rangi hiyo.

Hatua ya 2: osha bana. Funga mtungi, subiri jiko lipoe. Nyanyua kofia ya bana na bana yenyewe, loweka kwenye maji ya moto na sabuni, sugua matundu kwa mswaki wa zamani. Pitisha brashi ndefu ndani ya shingo, maana hapo ndipo hewa inapochanganyika na gesi, na ndipo buibui na mende wadogo hupenda kujificha. Kisha kausha kabisa. Bana yenye maji ndani itawaka kwa kudunda na kuzima, utadhani umeiharibu.

Hatua ya 3: nozeli. Ni kile kipande kidogo cha shaba chini ya bana, chenye tundu lisilofikia milimita 1. Hapa ndipo watu wanapoua majiko yao. Wanachukua sindano ya kushonea, wanachokonoa, tundu linapanuka. Tangu siku hiyo gesi inatoka nyingi kuliko hewa, na njano haiondoki mpaka ununue nozeli nyingine. Tumia uzi mmoja tu wa waya laini wa umeme, au ifungue kwa spana uipulize.

Hatua ya 4: mlango wa hewa. Majiko mengi yana kibati kinachozunguka kwenye shingo ya bana. Washa moto, kizungushe taratibu kuongeza hewa mpaka ncha za njano zipotee. Moto ukianza kunguruma na kuruka kutoka kwenye matundu, hewa imezidi, rudisha kidogo.

Kama bado ni njano baada ya hapo, acha. Regulata haifunguliwi nyumbani, inabadilishwa nzima. Mpira nao ukiukunja ukaona mipasuko, weka mwingine na klipu mpya, usifunge kwa raba wala waya.

Na wakati unasubiri fundi, usipikie kwenye moto wa njano chumba kikiwa kimefungwa. Moto huo hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Dirisha liwe wazi, na watoto wasilale humo.