Unapanga kubeba mimba? Foliki asidi ianze kabla

Dada unayepanga kupata mtoto, jamani usisubiri kipimo kionyeshe mistari miwili ndo uanze kuhangaika na vitamini, maana hapo kuna jambo moja kubwa unakuwa umeshalichelewa. Ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge, yaani wengi wetu hapo ndo kwanza tunajiuliza mbona siku zangu hazijaja, na usipojifunga vizuri ndo mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Foliki asidi, yaani aina ya vitamini B, haiondoi hiyo hatari yote ila inaipunguza sana, mikrogramu 400 kila siku, anza hata miezi miwili mitatu kabla ya kuacha uzazi wa mpango na uendelee mpaka wiki ya 12 ya mimba. Mboga za majani na maharage kula sana tu, lakini kidonge meza pia, kwa chakula peke yake ni ngumu kufikisha, na foliki nyingine inapotelea kwenye maji ya kuchemshia.

Sasa kama ulishawahi kupata mimba yenye tatizo la mgongo wazi, au una kisukari, selimundu, au unatumia dawa za kifafa, muone daktari kabla, dozi yako inaweza kuwa kubwa zaidi, mara nyingi miligramu 5. Na dawa za kifafa usiziache mwenyewe, tafadhali sana. Wala usijiongezee dozi kwa kumeza multivitamini tatu nne kwa mpigo, nyingi zina vitamini A ya aina ya retinoli na hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, soma boksi. Maini nayo yana retinoli nyingi kwahiyo usiyafanye chakula cha kila siku.

Damu pima mapema, ukianza mimba na damu pungufu utahangaika mbele. Ukishakuwa mjamzito kliniki watakupa vidonge vya madini ya chuma, kawaida miligramu 30 mpaka 60 kwa siku, wengi wanaviacha kimyakimya kwa sababu ya kichefuchefu na choo kigumu. Usiache, sema, watakubadilishia au meza usiku kabla ya kulala. Usimeze na chai, kahawa wala maziwa, chuma haiingii mwilini vizuri, bora juisi ya chungwa. Choo kikiwa cheusi usiogope ni hiyo chuma.

Mengine ni mepesi. Chumvi iwe yenye madini joto, vitamini D mikrogramu 10 kwa siku kama jua hulipati, na usiyekula nyama, mayai wala maziwa, vitamini B12 ni lazima. Kahawa isizidi vikombe viwili vidogo, pombe acha kabisa tangu unapoanza kujaribu. Na hili la kula kwa ajili ya watu wawili sikubaliani nalo, miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada kabisa, unahitaji mlo wenye mchanganyiko mzuri.

Siku ya kwanza ya kliniki beba maboksi yote ya unavyomeza, na dawa za mitishamba usizifiche, muuguzi avione vyote akwambie kipi uendelee nacho na kipi uache.