Somo: Barua za babu, picha za studio na kaseti ya bibi, uchapishe nini na kwa idhini ya nani

Marehemu shangazi yangu alikuwa na daftari la jalada la kijani. Kila akitoka mazishini au harusini alikaa kitako akaandika: fulani bin fulani, mama yake nani, alizaliwa wapi, amezikwa wapi. Siku moja kikatoka kijitabu cha ukoo. Kurasa nzima ni maneno yake, herufi kwa herufi, na jina lake halimo. Alikifunga, akakirudisha mezani, hakusema kitu. Somo hili naliandika kwa ajili yake.

Nafuata sheria ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Tanzania Bara wana yao na Zanzibar wana yao, basi mlio huko ulizeni ofisi za hakimiliki za kwenu, COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar.

Hatua ya 1: Tenga habari na maandishi. Kwamba babu alizaliwa Siyu, akaoa Faza, akapata watoto saba, hiyo ni habari na haina mwenyewe. Majina, tarehe na nasaba, chukua. Kinacholindwa ni namna mtu alivyoyaandika. Shangazi alisimulia jinsi jahazi lilivyozama na babu yake akaelea juu ya foromali, ule mti wa kufungia tanga, mpaka alfajiri. Kisa unaweza kukieleza kwa maneno yako, lakini aya yake ni yake, na sheria inampa pia haki ya kutajwa kuwa ndiye mwandishi.

Hatua ya 2: Barua. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Barua aliyokuletea ami yako kutoka Maskati iko sandukuni kwako, karatasi ni yako. Maneno ni ya ami, na akifa ni ya warithi wake, kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Akiwa alifariki 1983, haki inakwisha mwisho wa 2033. Kwenye mirathi tunagawa nyumba, minazi, hata mkufu. Barua hakuna anayezihesabu, kwa hiyo haki ya maneno yale bado iko kwa warithi wote pamoja. Wazungukie mmoja mmoja. Mimi huandika karatasi fupi: “Sisi warithi wa marehemu fulani tumekubali barua zake za mwaka fulani hadi fulani zichapishwe katika kitabu cha ukoo, jina lake litajwe.” Kila mmoja atie sahihi na tarehe. Idhini ya mdomo husahaulika siku kitabu kikianza kuuzwa.

Hatua ya 3: Geuza picha nyuma. Utaona muhuri wa studio, pengine na mwaka ulioandikwa kwa kalamu. Kwa picha, miaka 50 huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, na inashikwa tarehe iliyo ya mwisho. Babu akiwa ndiye aliyeagiza na kulipa, sheria ya Kenya inamhesabu yeye mwenye haki, ila kama yeye na studio walipatana vingine. Hata hivyo taja studio. Mpiga picha yule alikuwa fundi.

Hatua ya 4: Kaseti. Bibi anahesabu mababu, na nyuma yake redio inapiga taarabu. Hapo kuna haki tatu: ya maneno ya bibi, ya aliyefanya mipango ya kurekodi, na ya wenye wimbo. Ukitaka kuipakia mtandaoni, kata sehemu yenye wimbo au tafuta ruhusa ya wenyewe. Kwa kitabu, mnukuu bibi, idhini ikiwepo.

Hatua ya 5: Walio hai. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nambari za vitambulisho, za simu na habari za maradhi ziache nje. Watoto, andika majina yao tu, wazazi wakiridhia.

Maswali

*Dada wa Lamu: Nina kipande cha gazeti chenye tangazo la msiba. Nikichapishe?*
Jina, tarehe na mahali pa maziko, chukua dada. Kile kipande chenyewe, pamoja na picha yake, omba gazeti kwanza.

*Kaka aliyeko Maskati: Picha ya mtaa wetu iko Google, kila mtu anaitumia.*
Kutumiwa na wengi si ruhusa, kaka. Ikiwa aliyeipiga alikuwa Mwingereza, kwao haki huendelea miaka 70 baada ya kifo. Ikiwa imetoka kwenye nyaraka za taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, soma maelezo yake: kazi nyingi za serikali yao zinaruhusiwa kutumika tena kwa sharti la kutaja chanzo, lakini si kila kilichohifadhiwa pale ni cha serikali.

*Mama wa Mombasa: Warithi sita wamekubali, mmoja amekataa.*
Basi barua usiichapishe, mama. Eleza yaliyomo kwa maneno yako. Umpelekee rasimu aisome. Mara nyingi anayekataa ameona jambo la mama yake ambalo hataki litoke nje, na ana haki ya kusikilizwa.

*Dada wa Lamu tena: Na lile daftari la kijani?*
Liko kwa bintiye. Tumepiga picha kurasa zote, nakala mbili, na ukurasa wa kwanza wa kila nakala una jina la mama yake kamili, na la baba yake, na la babu yake.