Namna ya Kusafiri Peke Yako Ng'ambo, Kutoka Miji ya Kale Hadi Milimani

Wanaosafiri wawili wana macho manne. Mmoja akisinzia kituoni, mwenzake huangalia mizigo. Mmoja akisahau pasipoti mapokezi, mwenzake huulizia. Na mmoja akianza kupepesuka mlimani kwa uhaba wa hewa, mwenzake humwona kabla yeye mwenyewe hajatambua. Anayesafiri peke yake ana macho mawili tu, na karibu kila tahadhari iliyoelezwa hapa ni njia ya kuyafidia yale mawili yaliyokosekana. Nimechagua safari inayounganisha miji ya kale na milima kwa sababu sehemu hizo mbili zinategemeana kuliko wengi wanavyodhani, na makosa mengi ya milimani huanzia mjini, siku ambayo ratiba inapangwa.

Uliza kwanza kama unaruhusiwa kuwa peke yako

Kabla ya kutafuta tiketi ya ndege, chunguza kama sheria za huko uendako zinakuruhusu kupanda mlima bila mtu. Nchini Peru, Njia ya Inka ya siku nne inayoishia Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, haitembewi na mtu binafsi: ni lazima upitie kwa wakala mwenye leseni, vibali ni vya watu 500 kwa siku pamoja na waongozaji na wapagazi, na njia hufungwa kila mwezi wa Februari. Nepal ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 wageni wanaotembea katika njia nyingi za milimani wawe na mwongozaji mwenye leseni. Huko Moroko, wanaoelekea Toubkal, kilele chenye mita 4,167, wametakiwa kuwa na mwongozaji tangu mwishoni mwa mwaka 2018. Tibet ni kali zaidi, kwani mgeni haingii Lhasa, mji wake mkuu, bila kibali kinachoombwa na wakala kwa niaba yake.

Wako wanaoona masharti hayo kama kunyang'anywa safari yao. Mimi naamini kinyume chake: mwongozaji mzuri ndiye jicho la pili, tena jicho linaloujua mlima, na kumlipa haki yake hakukuondolei utulivu wa kutembea kwa mwendo wako na mawazo yako. Ukitaka milima ambayo mgeni anaweza kuitembea bila mwongozaji kisheria na kwa usalama wa kuridhisha, tazama Milima ya Alpi, ambako njia zimewekewa alama na vibao kwa utaratibu unaosomeka hata na asiyejua lugha ya huko.

Katika nyaraka, mambo mawili ndiyo husumbua zaidi. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Zile za eneo la Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, hudai iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kuondoka, na ukaaji wa muda mfupi usizidi siku 90 katika kila siku 180. La pili ni bima. Soma kipengele cha mwinuko, kwa sababu bima nyingi za kawaida za usafiri huishia kimo fulani, na msafiri aliyeumia juu ya kimo hicho hujikuta akidaiwa gharama za helikopta ambazo alidhani zimeshalipiwa. Hakikisha neno uokoaji limeandikwa waziwazi, kisha nakili namba ya bima na ya simu ya dharura katika karatasi, maana simu iliyozimika haikumbuki chochote.

Panga miji kwa kufuata mwinuko, si kwa kufuata ramani

Hapa ndipo ninaomba msomaji atulie, kwa kuwa ndipo anayesafiri peke yake huwa hatarini zaidi bila kujua. Kuanzia mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mwili unaweza kuugua kwa kukosa oksijeni ya kutosha, awe ni wa kijana mwanamichezo au wa mzee. Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida na usingizi mbaya. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa ziada mahali palepale.

Sasa itazame ratiba ya kawaida ya Peru kwa jicho la kanuni hiyo. Msafiri anaondoka Lima, mji wa pwani, na baada ya safari fupi ya ndege anashuka Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka ulioko kwenye mita 3,400 hivi. Usiku huohuo analala huko, kesho yake anazunguka kwenye ngazi na vilima vya mawe, na siku ya tatu kichwa kinampasuka. Dawa yake ni kugeuza mpangilio: ukifika Cusco, shuka siku hiyohiyo hadi Bonde Takatifu, ulale Ollantaytambo kwenye mita 2,800 hivi, uendelee hadi Machu Picchu ambayo, kinyume cha wanavyofikiri wengi, iko chini zaidi, kwenye mita 2,430, ndipo urudi Cusco mwishoni ukiwa mwili umezoea. Mji ulioonekana wa kwanza kwenye ramani unakuwa wa mwisho katika safari, na unaufaidi kwa nafasi, ukiwa na pumzi ya kupanda hadi kuta za Sacsayhuamán, ngome ya kale iliyo juu ya mji.

Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, ni kisa cha namna nyingine. Mji huo uko kwenye mita 1,400 tu, kwa hiyo wiki nzima ya kuzunguka viwanja vya kifalme vya Patan na Bhaktapur haikuandai hata kidogo kwa hewa ya juu. Tumia siku zako za mjini kwa vibali, vifaa na kumfahamu mwongozaji, halafu uanze kuhesabu mwinuko upya. Anayeruka kwa ndege hadi Lukla, inakoanzia njia ya kuelekea Everest, amekwisha kupandishwa hadi mita 2,860 kwa muda usiofika saa moja, na ndiyo maana ratiba za busara humlaza Namche Bazaar, mji mdogo ulio mbele kwenye njia hiyo, kwenye mita 3,440, usiku mbili au zaidi kabla ya kuendelea.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hupunguza akili ileile unayoitegemea kuutambua. Mgonjwa huwa wa mwisho kukubali kwamba anaumwa. Kwa sababu hiyo, andika masharti yako kabla hujapanda, ukiwa na akili timamu, na uyafuate kama amri ya mtu mwingine: nikiumwa kichwa sipandi zaidi; nikizidiwa nikiwa nimepumzika, nashuka. Jipime kila jioni kwa kutembea kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ukishindwa kuufuata mstari, ukichanganyikiwa, au ukihema ilhali umekaa, hiyo ni hatari ya maisha inayotaka kushuka mara moja, hata kama ni usiku, na ukiwa na msaidizi wa kukushika mkono. Mwambie pia mwenye nyumba ya wageni, mwongozaji au msafiri mnayekula meza moja kwamba uko peke yako, na umwombe akutazame asubuhi. Hakuna aibu katika ombi hilo. Dawa iitwayo asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea, lakini daktari ndiye anayepaswa kusema kama inakufaa, na haiondoi sababu ya kupanda polepole.

Kuukabili mji wa kale

Panga kuwasili mchana, na uwe umeshalipia malazi ya usiku wa kwanza na wa pili. Mji wa kale ulijengwa kwa ajili ya watembea kwa miguu na punda, hivyo gari litakushusha nje ya ukuta na hatua za mwisho utazimaliza mwenyewe ukiwa na mzigo begani. Begi ambalo huwezi kulibeba kwa nusu saa bila kupumzika ni kubwa mno.

Fes el-Bali nchini Moroko unafundisha somo hili vizuri. Vichochoro vyake ni vyembamba, kuta ni ndefu, na ramani ya simu hupoteza mahali ulipo mara kwa mara. Badala ya kupambana na simu, jifunze umbo la mji. Kutoka lango la Bab Bou Jeloud zinateremka njia kuu mbili, Talaa Kebira na Talaa Sghira, kuelekea msikiti wa Qarawiyyin, ambao kwa mapokeo ulianzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859. Ukiijua hiyo, mteremko wa njia hizo mbili hukupeleka ndani ya mji na mwinuko wake hukurudisha langoni. Kila mji wa kale una siri ya aina hii: mto, mnara, ukuta au kilima. Tumia saa ya kwanza kuitafuta siri hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ukipotea, muulize mtu aliyekaa dukani mwake na ambaye hana haja ya kuondoka, si yule anayekufuata akisisitiza kwamba njia uliyoishika imefungwa.

Mahali mashuhuri siku hizi huingiwa kwa saa maalumu. Katika Alhambra, ngome ya kale ya mji wa Granada nchini Hispania, tiketi huwa na jina lako na saa ya kuingia katika majumba ya watawala wa Nasrid yaliyo ndani yake. Ukichelewa saa hiyo, nafasi imekwenda, na usipokuwa na pasipoti au kitambulisho unaweza kurudishwa. Nunua mapema, kisha ipange siku nzima kuzunguka saa hiyo moja. Granada yenyewe ninaipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu milima ya Sierra Nevada, yenye kilele cha Mulhacén cha mita 3,479, iko mgongoni mwa mji, na unaweza kuujaribu mwili wako kwa siku moja na jioni ukalala kitandani kulekule mjini.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Beba kadi mbili za benki na usiziweke mahali pamoja. Moja ikae begini, nyingine mwilini. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya nchi uliyotoka au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo, kwani ile nyingine huja na kiwango kibaya cha ubadilishaji.

Siku ya kutembea mlimani

Jifunze alama za njia kabla ya kuzikanyaga. Uswisi, alama ya njano ni njia ya kawaida ya kutembea. Nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka mguu imara na asiyeogopa vimo. Nyeupe, buluu na nyeupe ni njia ya juu inayoweza kupita kwenye miamba na barafu. Aliye peke yake na asiye na uzoefu wa kutumia kamba asiifuate hiyo ya tatu, hata hali ya hewa ikiwa nzuri namna gani.

Kadiria muda kwa kanuni ambayo Mskoti William Naismith aliiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 900 za kupanda itachukua saa tatu na nusu bila mapumziko, na mwenye begi aongeze. Kutokana na hesabu hiyo weka saa ya kugeuka, uiandike, na ikifika ugeuke hata kama kilele kinaonekana. Ondoka alfajiri, kwa sababu wakati wa kiangazi ngurumo na radi milimani huja zaidi alasiri. Kumbuka pia kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 20 bondeni ni baridi kali kileleni upepo ukivuma.

Begini usikose koti la mvua, nguo moja ya joto zaidi ya unavyodhani unahitaji, tochi ya kichwani, filimbi, na ramani ya karatasi au iliyohifadhiwa simuni isiyohitaji intaneti. Simu iweke karibu na mwili, kwani baridi huimaliza betri. Filimbi si ya kujazia begi: ishara ya kimataifa ya kuomba msaada milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha milio sita tena, na jibu la aliyekusikia ni milio mitatu. Usiku, tochi hufanya kazi hiyohiyo. Helikopta ikikukaribia, inua mikono yote miwili iwe kama herufi Y kusema unahitaji msaada. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uswisi pia, namba ya dharura ni 112.

Mwachie mtu mmoja, iwe katika kibanda cha wapanda milima au mbali kwa ujumbe, maelezo yenye mambo manne: njia utakayopita, rangi ya koti lako, saa utakayorudi, na saa ambayo asipokusikia aite waokoaji. Saa hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu inamwondolea mwenzako wasiwasi wa kuamua. Lakini inakuwekea wewe wajibu: ukifika bondeni, kabla ya kufungua kamba za viatu na kabla ya kutazama picha ulizopiga, mwandikie kwamba umeshuka, ili pasiwe na mtu anayepanda gizani kumtafuta msafiri aliyekwisha kulala.