Usiku wa kuamkia: namna ninavyofuatilia habari za Marekani katika Ghuba

Miaka kumi na minane nimekaa dawati la habari za nje redioni, nikigeuza yanayoingia kuwa Kiswahili kabla mtangazaji hajafungua kipaza sauti. Hakuna habari zilizonipiga chenga kama za majeshi ya Marekani katika Ghuba. Vijana wanaoletwa kwetu kujifunza kazi huniuliza wafanyeje wasipotee, nami huwaambia hotuba ya rais waisome mwisho. Kwanza ramani, halafu meli, halafu tarehe na karatasi.

Ramani ichore mwenyewe kwa kalamu, hata ikiwa mbaya. Iran weka juu, Kuwait kwenye kona ya kushoto, Saudi Arabia, Bahrain na Qatar upande wa chini, kisha Falme za Kiarabu na ile ncha ya Oman. Kati ya ncha hiyo na Iran pana Mlango Bahari wa Hormuz, ambao penye wembamba haufiki kilomita 40. Mwaka 2024 yalipita hapo mapipa takriban milioni 20 ya mafuta kwa siku, kama moja ya tano ya matumizi ya dunia nzima. Mengi yalielekea China, India, Japani na Korea Kusini. Kwa hiyo ukikutana na sentensi inayosema Marekani iko pale ili ijaze matangi ya magari yake, ikate. Bei ya mafuta ni ya dunia nzima, na anayelinda mlango ana neno la kusema kwa kila anayepita.

Juu ya mchoro huohuo tia alama mbili: Bahrain, yaliko makao ya Kikosi cha Tano cha wanamaji wa Marekani, na Al Udeid nchini Qatar, kituo cha ndege. Makao makuu ya CENTCOM, kamandi ya Marekani inayosimamia majeshi yake ya eneo hilo, yapo Tampa, Florida, tangu 1983. Uingereza ndiyo iliyokuwa askari wa zamu katika maji yale hadi ilipofungasha virago mwaka 1971. Mapinduzi ya Iran yakaja 1979, Wasovieti wakaingia Afghanistan, na Januari 1980 Rais wa Marekani, Jimmy Carter, akatangaza kwamba dola yoyote ya nje itakayojaribu kuitawala Ghuba itahesabiwa imeshambulia maslahi ya msingi ya Marekani, nayo itazuiwa hata kwa nguvu za kijeshi. Kauli hiyo ibandike ukutani. Utairudia mara nyingi.

(Jina nalo lina kesi yake. Iran inataka Ghuba ya Uajemi, majirani zake wanataka Ghuba ya Uarabuni. Mimi huandika Ghuba, basi.)

Meli ndizo zilizonifunza adabu. Miaka yangu ya mwanzo niliandika kumbukumbu fupi ya vita vya meli za mafuta, wakati Iraq na Iran zilipokuwa zikiwindana hadi baharini. Nikasema meli ya Marekani, Bridgeton, iligonga bomu la majini Julai 24, 1987. Taarifa haijapoa, simu ikalia. Alikuwa mzee aliyewahi kuwa baharia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile meli ilikuwa ya Kuwait. Bendera tu ndiyo ya Marekani."

Nikamwomba radhi, nikarudi kusoma upya. Meli ile kabla yake iliitwa Al-Rekkah. Kuwait, iliyokuwa ikiifadhili Iraq, iliona meli zake zinashambuliwa, ikaomba ulinzi. Meli 11 zikaandikishwa Marekani na kupewa majina mapya, ndipo manowari zikapata sababu ya kisheria ya kuzisindikiza. Katika msafara wa kwanza kabisa, karibu na kisiwa cha Farsi, Bridgeton ikagusa bomu. Ubavu ukatoboka, lakini meli yenye uwezo wa kubeba tani laki nne haizami kwa tundu moja, ikaendelea na safari. Manowari zilizokuja kuilinda zikajipanga nyuma yake mstari mmoja, kwa kuwa bomu lilelile lingeweza kuzizamisha. Mlindwa akatangulia, walinzi wakafuata kwenye mkondo wake.

Tangu simu ile, nikisikia "meli ya" nchi fulani nauliza maswali matatu: mwenye meli ni nani, bendera ni ya nani, na mabaharia wametoka wapi? Julai 2019 Iran ilipoikamata Stena Impero, vichwa vya habari vilisema meli ya Uingereza. Bendera ndiyo, ilikuwa ya Uingereza. Kampuni ilikuwa ya Sweden, na mabaharia 23 walitoka India, Urusi, Latvia na Ufilipino. Hakuna Mwingereza hata mmoja.

Sasa tarehe, ambako hata wakongwe hujikwaa. Mabomu ya kwanza ya Marekani yalianguka Baghdad mwaka 1991 usiku wa manane, Januari 17. Washington ilikuwa bado Januari 16, jioni, watu wako mbele ya televisheni. Mwaka 2003, Marekani ilipoivamia Iraq, ikawa vilevile: Machi 20 kabla ya jua kuchomoza Baghdad, Machi 19 usiku Washington. Jenerali wa Iran, Qassem Soleimani, naye aliuawa na Marekani Januari 3, 2020, ila kwao Marekani ilikuwa Januari 2. Ukifuata saa za Washington, utawaandikia wasikilizaji siku ambayo waliopigwa hawakupigwa. Kiswahili kina dawa yake tayari: andika "usiku wa kuamkia Januari 17". Waingereza hawana maneno hayo, nasi tunayaacha bure tukihangaika na mabano.

Karatasi. Kila operesheni, omba azimio la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1990, baada ya Iraq kuivamia Kuwait Agosti 2, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 678 la Novemba 29, lililoruhusu nguvu za kijeshi kama Iraq haitaondoka hadi Januari 15. Cuba na Yemen zilipinga, China ilijizuia kupiga kura. Karatasi ilikuwepo na inasomeka. Mwaka 2002 lilipita azimio 1441 kwa kura zote 15, lakini halikutamka ruhusa ya vita. Marekani na Uingereza zikatafuta jingine, zikakosa kura, zikaenda hivyohivyo. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana. Na kibali ambacho bunge la Marekani lilitoa Oktoba 2002 dhidi ya Iraq ya Saddam Hussein kilitolewa tena kabatini mwaka 2020 kuhalalisha kumuua jenerali wa Iran.

Taarifa ya kwanza ya jeshi ishike kwa koleo. Julai 3, 1988 manowari Vincennes iliidungua ndege ya abiria, Iran Air 655, iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Watu 290 walikufa. Siku ile ikasemwa ndege ilikuwa nje ya njia yake na inashuka kuielekea meli. Uchunguzi wa wanamaji wenyewe ukaja kuonyesha ilikuwa ndani ya njia yake na inapanda. Januari 2020, Iran ilipopiga Ain al-Asad, kituo chenye askari wa Marekani nchini Iraq, Donald Trump alisema hakuna Mmarekani aliyedhurika. Baadaye waliokutwa na majeraha ya ubongo walizidi 100. Kwenye dawati letu nambari ya siku ya kwanza haitoki bila "kwa mujibu wa".

Nikupe usiku mmoja uone inavyokwenda. Usiku wa kuamkia Juni 22, 2025, Marekani ilishambulia vituo vya nyuklia vya Iran: ndege za B-2 zikapiga Fordow na Natanz, makombora ya nyambizi yakapiga Isfahan. Kulipokucha, mezani ujumbe ulikuwa unamiminika: Iran itafunga Hormuz, bunge lake limeunga mkono. Kijana wa zamu tayari alikuwa ameandika "Iran yafunga". Nikamwambia afute, kwani uamuzi haukuwa wa bunge bali wa Baraza Kuu la Usalama wa Taifa. Kisha tukatazama picha za setilaiti za Al Udeid zilizopigwa siku chache nyuma: uwanja ulikuwa umebaki karibu mtupu, ndege zimeshahamishwa. Kesho yake makombora ya Iran yakaelekea huko hasa. Kijana akauliza, "Kaka, sasa si vita kamili hivi?" Nikamwonyesha bei ya mafuta kwenye skrini. Ilikuwa inashuka, na hadi soko linafungwa ilikuwa imepungua kama asilimia 7. Wenye mafuta yao baharini walikuwa wameona kombora limekwenda kambini, na mlango haujaguswa. Tukaandika mistari minne, tukampelekea mtangazaji.