Kupiga kambi bure katika misitu ya taifa ya Marekani: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Kaibab na Coconino

Katika sehemu kubwa ya misitu ya taifa ya Marekani unaruhusiwa kusimamisha hema nje ya viwanja vya kulipia, bila kulipa senti na bila kuweka nafasi. Kwa aliyezoea misitu ya hifadhi ya Tanzania au Kenya, ambako kuingia na kulala hulipiwa, jambo hili huonekana kama mtego. Si mtego. Ila hakuna aliyekuandalia chochote: hakuna choo, bomba, meza, pipa la taka wala taa. Kazi karibu yote hufanyika nyumbani, kabla gari halijawashwa.

Mwongozo huu umechukua misitu miwili ya kaskazini mwa Arizona. Kaibab imeizunguka Grand Canyon, na Coconino iko pande za mji wa Flagstaff. Wanaoishi Phoenix hufika huko kwa saa chache za barabara. Taratibu nyingi ni zilezile misitu mingine, na pale zinapotofautiana tumesema.

Hatua ya 1: Hakikisha ardhi ni ya nani

Msitu wa taifa na mbuga ya taifa ni vitu viwili. Misitu iko chini ya Idara ya Misitu, ambayo ni sehemu ya Wizara ya Kilimo. Mbuga ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huko utalala kwenye viwanja vyao kwa masharti yao. Ukiwa Grand Canyon, ukisimamisha hema mita chache ndani ya mpaka wa mbuga umevunja sheria. Ukivuka kuingia Kaibab upande wa mji mdogo wa Tusayan, uko sawa. Katikati ya misitu kuna pia vipande vya ardhi ya watu binafsi. Kwenye ramani za Idara ya Misitu vipande hivyo kwa kawaida havina rangi ya msitu, na mara nyingi vina uzio au kibao.

Hatua ya 2: Pakua MVUM na ujifunze kuisoma

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayowaletea faini. MVUM ni ramani ya matumizi ya magari. Kila msitu hutoa yake bure, kwenye tovuti ya msitu husika na kwenye programu ya Avenza Maps. Ni ramani ya rangi nyeusi na nyeupe, haina urembo wowote, lakini ndiyo yenye nguvu ya kisheria. Barabara ambayo haimo kwenye MVUM imefungwa kwa magari, hata kama unaona alama za tairi na hakuna kibao cha kukataza. Kujua hilo ni jukumu la dereva.

Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni namba ya barabara. Kusini kidogo ya Tusayan, kwa mfano, kuna barabara ya msitu namba 302 inayotumiwa sana na wapiga kambi. Cha pili ni jedwali la misimu, kwa sababu barabara nyingine hufunguliwa miezi fulani tu. Cha tatu ni vidoti vilivyopangwa kandokando ya barabara. Vidoti hivyo vinaonyesha mahali unaporuhusiwa kutoa gari nje ya barabara ili upige kambi, na umbali umeandikwa kwenye maelezo ya ramani. Sehemu nyingi ni futi 300, yaani kama mita 90. Pasipo na vidoti, kwa kawaida unaegesha ukingoni mwa barabara, kisha unabeba hema kwa miguu. Watu huona gari lingine limesimama msituni mita 200 ndani wakadhani panaruhusiwa. Lile gari nalo huenda liko makosani.

Ukifika, angalia pia namna namba ilivyoandikwa kwenye nguzo. Namba iliyoandikwa kwa mlalo kwa kawaida huashiria barabara inayopitika kwa gari dogo. Iliyoandikwa kwa wima, tarakimu moja juu ya nyingine, huashiria barabara ya magari yaliyoinuka.

Fungua ramani kwenye simu ukiwa bado na mtandao, kisha weka simu kwenye hali ya ndege na uone kama kile kidoti cha mahali ulipo bado kinaonekana. Kisipoonekana, rekebisha hapohapo nyumbani.

Hatua ya 3: Piga simu ofisi ya msitu

Kila msitu umegawanywa katika wilaya, na kila wilaya ina ofisi yake. Piga siku za kazi, maana wikiendi nyingi hufungwa. Uliza: Kuna zuio la moto? La ngazi gani? Barabara namba fulani iko wazi, na gari dogo linapita? Kuna eneo lililofungwa kwa kulala? Mtu anaruhusiwa kukaa siku ngapi?

Kaibab na Coconino kikomo ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 30. Misitu mingi iko hapohapo, ila mingine hutofautiana. Kuhamisha hema mita mia mbili hakuanzishi hesabu upya. Na msitu si mahali pa kuhamia: kuufanya makazi kumekatazwa na kanuni za shirikisho, hata kama una shida ya nyumba.

Jambo moja kwa vikundi vya kanisa, jumuiya na sherehe za ukoo: mkifika watu 75 au zaidi mnahitaji kibali cha maandishi. Kwa kundi lisilofanya biashara hakilipiwi, lakini lazima kiombwe mapema.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji

Uwanda wa Tusayan hauna mito. Maji yote utayabeba. Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Familia ya watu wanne kwa siku tatu ni lita 48. Ongeza lita 20 za kuzimia moto kama utauwasha, jumla 68. Kwa hiyo chukua madumu manne ya lita 20, na kinachobaki ni akiba ya siku gari litakapokwama.

Mabwawa madogo utakayoyakuta ni ya mifugo na wanyamapori. Usiyanywe, na usilale karibu nayo. Sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, kama mita 400, ya bwawa kiasi cha kuwazuia wanyama kufikia maji. Elki, yaani kulungu wakubwa, na ng'ombe wakikuta hema na watoto wanaopiga kelele, hawaji kunywa.

Kwenye misitu yenye vijito, maji meupe si maji salama. Yachemshe dakika moja tangu yatokote. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Hatua ya 5: Andaa chakula kwa kujua mwinuko

Flagstaff iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ugali utaiva bila shida na wali utachelewa kidogo, lakini maharage makavu yatamaliza gesi yako kabla hayajalainika. Yachemshe nyumbani, yagandishe kwenye chombo cha plastiki, uyaweke kwenye boksi la barafu. Siku ya pili ni kukaanga kitunguu na kuunga tu. Nyama nayo ikatwe na itiwe viungo nyumbani, ili damu na mabaki visimwagike kambini.

Hatua ya 6: Gari

Jaza mafuta mji wa mwisho. Kagua tairi la spea, kwa kuwa mara nyingi ndilo lenye upepo mdogo kuliko yote. Beba jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuiwekea chini isizame, koleo, na pampu ya kuchomeka kwenye gari. Kwenye changarawe ya mawe makali, shusha upepo kutoka psi 35 hadi kama 25. Tairi hulala vizuri na halitoboki ovyo. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba, maana mingi inakataza barabara zisizo na lami.

Mvua za Arizona huja Julai hadi katikati ya Septemba, mara nyingi alasiri. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hushika tairi zote nne zikawa laini kama za pikipiki ya mashindano, na hata gari la kuvuta magurudumu yote huteleza. Dawa ni kungoja. Jua la nusu siku hukausha. Ukilazimisha, unachimba mifereji itakayobaki barabarani miaka.

Usiegeshe juu ya majani makavu marefu. Ekzosi iliyotoka safarini ina joto la kutosha kuyawasha.

Hatua ya 7: Chagua mahali

Fika kabla ya saa kumi alasiri. Anayefika gizani hulala popote, na asubuhi anajikuta kwenye njia ya maji.

Tafuta mahali palipokwisha kutumiwa: ardhi iliyokanyagwa, duara la mawe la moto wa zamani. Usifungue eneo jipya na usikate tawi. Kisha simama pale hema litakapokaa na uangalie juu. Msonobari uliokufa, au tawi kavu lililonasa kwenye tawi lingine, linatosha kukuhamisha. Angalia na chini: mchanga uliopangwa kwa mistari na takataka za majani zilizokwama kwenye vichaka ni dalili kwamba maji hupita hapo. Korongo kavu hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, wakati kwako kuna jua. Kaa futi 200 kutoka mto au ziwa, kama hatua 70 za mtu mzima.

Turubai la chini ya hema likunjwe liwe dogo kuliko hema lenyewe. Likitokeza nje, linakinga mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako. Usiku wa Juni huko juu unaweza kushuka hadi nyuzi 5, kwa hiyo godoro la povu chini yako lina kazi kubwa kuliko blanketi la pili juu. Jiko lisiingizwe ndani ya hema au gari kwa ajili ya kuota joto, liwe la gesi au la mkaa. Hewa ya sumu yake haina harufu, na huua watu wamelala.

Radi ikianza, ingieni kwenye gari na mfunge vioo. Hema halikingi radi.

Hatua ya 8: Moto

Hapa tunasisitiza kuliko popote. Zuio la ngazi ya kwanza kwa kawaida linakataza moto wa kuni na mkaa nje ya viwanja rasmi. Jiko la mkaa tulilozoea kwa nyama choma linahesabika kama moto wa wazi, hata kama limeinuliwa kwenye miguu ya chuma. Kinachobaki halali ni jiko la gesi lenye kitufe cha kufungua na kufunga. Ngazi ya pili hukaza zaidi, kwa hiyo soma tangazo lenyewe. Adhabu ni faini ya hadi dola 5,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote, na ukisababisha moto mkubwa unaweza kudaiwa gharama za kuuzima. California ina sharti la ziada: kibali cha moto kinachotolewa bure kwenye intaneti, na kinahitajika hata kwa jiko la gesi.

Pasipo na zuio, tumia duara la mawe lililopo. Okota kuni zilizokufa na kulala chini, zisizozidi unene wa kifundo cha mkono. Usibebe kuni kutoka mbali, maana husafirisha wadudu waharibifu. Mdudu mmoja wa kijani anayetoboa miti ameua mamilioni ya miti aina ya ash Marekani kwa njia hiyo.

Kuzima ni hivi: mwaga maji hadi sauti ya kuchemka iishe. Koroga kwa koleo, ukigeuza na mawe ya pembeni. Mwaga tena. Kisha pitisha mgongo wa mkono karibu na majivu, halafu yaguse. Ukihisi joto, rudia. Usifukie kwa udongo: makaa yaliyofukiwa hubaki hai saa nyingi, upepo ukaja ukayafunua baada ya wewe kuondoka. Kama huna lita 20 za kazi hii, usiwashe.

Hatua ya 9: Choo, udhu na vyombo

Tembea hadi uwe hatua 70 mbali na kambi, mbali na njia na mbali na maji. Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kwenye udongo mweusi kama upo. Likiwa fupi, wanyama hulifukua; likizidi sana, vijidudu vya kuozesha ni vichache. Karatasi iweke kwenye mfuko wa kufunga uondoke nayo, kwani kwenye ukame wa Arizona haiozi upesi. Pedi na nepi vivyo hivyo.

Maji ya udhu na ya kuoshea vyombo yachukuliwe kwa birika hadi mbali na kijito. Sabuni isiingie mtoni, hata ile iliyoandikwa kuwa inaoza yenyewe. Chuja makombo, yatie kwenye mfuko wa taka, kisha tawanya maji.

Hatua ya 10: Chakula na wanyama

Kaskazini mwa Arizona wasumbufu wa kila siku ni kunguru, kindi na rakuni. Chakula, dawa ya meno na mfuko wa taka vilale ndani ya gari lililofungwa. Kwenye misitu ya Wyoming na Montana yenye dubu aina ya grizzly, kuhifadhi chakula mara nyingi ni amri ya kisheria: pipa gumu la kuzuia dubu, au kutundika angalau mita 3 juu na zaidi ya mita moja kutoka shinani. Pika hatua mia moja kutoka hema, na kopo la pilipili ya kupulizia dubu liwe kiunoni, si ndani ya begi. Sehemu za Sierra Nevada, California, dubu hubomoa mlango wa gari, kwa hiyo huko gari si ghala.

Majira ya kupukutika kwa majani ni msimu wa uwindaji. Vaeni rangi ya chungwa kali, watoto pia.

Hatua ya 11: Kuondoka

Kabla ya safari ulimwachia mtu jina la msitu, namba ya barabara, namba ya gari na saa ya kurudi. Ukipata mtandao, mjulishe kwanza yeye. Pangeni mstari mmoja mtembee kambi nzima mkiokota vifuniko vya chupa na vipande vya plastiki, kisha gusa majivu mara ya mwisho. Ukifika ukingo wa lami, simama ujaze tairi hadi psi 35. Ukiendesha kwa kasi ya barabara kuu ukiwa na psi 25, ubavu wa tairi hupata joto na linaweza kupasuka.