Somo: Injini ya Hiace ndani ya boti ya mbao, na vipande vya kujitengenezea uani

Boti ya kwanza niliyoiwekea injini ya gari iliua giaboksi ndani ya wiki tatu. Injini ilikuwa nzima, oili safi, klachi haijanusa moto. Nilipofungua mkia wa giaboksi nikakuta beringi ya nyuma imesagika kama mahindi. Kosa lilikuwa langu. Gari husukumwa na matairi, na msukumo huo hupokelewa na ekseli na springi. Boti husukumwa na propela yake kupitia shafti. Propela ikitupa maji nyuma, shafti inakuja mbele, na usipoiwekea kitu cha kuipokea, atakayeipokea ni giaboksi ya Hiace, ambayo tangu itoke kiwandani haijawahi kuombwa kazi hiyo.

Piga hesabu kidogo. Tuseme farasi 40 zinafika kwenye propela, yaani kilowati 30 hivi. Propela ikizitumia nusu tu kwa faida, na boti ikaenda mita 4 kwa sekunde, msukumo ni karibu kilo 380. Hao ni watu wazima watano na zaidi wameegemea mkia wa giaboksi, saa sita mfululizo, kutoka Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, kwenda vijiji vya kaskazini. Kwa hiyo somo hili lina mambo mengi, lakini roho yake ni hatua ya tatu. Nyingine ukikosea utarekebisha.

Boti ninayoieleza ni ya mizigo, mita 11, mbao za mninga. Injini ni ya Toyota, modeli ya 3L, cc 2779, dizeli, haina tabo wala kompyuta. Kazi yote nje ya kukereza niliifanya nyuma ya nyumba Gungu, chini ya mwembe, kwa grenda, drili, mashine ya kuchomelea na cheni bloku.

Hatua ya 1: Kununua

Nunua injini na giaboksi yake vikiwa vimeungana, pamoja na klachi, stata, alterneta na propela shafti ya gari. Hiyo ya mwisho humu nitaiita shafti ya krosi, tusije tukaichanganya na propela ya majini. Chukua pia flenji ya difu ambayo shafti hiyo hufungwa. Itakuokolea hela ya mkerezaji. Na usikubali muuzaji akukatie waya. Mwambie azichomoe.

Sasa propela. Injini hii ukiitazama kwa mbele inazunguka kama mshale wa saa. Ukisimama nyuma, kwenye tezi, unaiona inazunguka kinyume. Gia za mbele hazibadilishi uelekeo huo. Kwa hiyo unahitaji propela ya mkono wa kushoto. Mimi niliuziwa ya mkono wa kulia na mtu aliyeniapia kwamba propela ni propela tu. Siku ya majaribio niliweka gia ya mbele, boti ikarudi nyuma taratibu mpaka kwenye mitumbwi ya watu, na kicheko kilichopigwa Kibirizi siku ile bado nakisikia.

Hatua ya 2: Mstari wa katikati

Usianze kuchomelea chochote kabla ya mstari huu. Pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia katikati ya bomba la tezi, uvute mpaka mbele ya chumba cha injini, uukaze hadi ulie ukiugusa. Vipimo vyote vinatoka kwenye uzi huu. Usipime kutoka ubavuni, kwa sababu sijawahi kuona boti ya mbao ambayo mbavu zake mbili zinafanana.

Pima mteremko wa uzi kwa pima maji yenye nyuzi za pembe (digrii). Kwangu ulikuwa nyuzi 8. Injini ya gari haipendi kulala hivyo, sampu yake, lile bakuli la oili la chini, imetengenezwa kukaa karibu na usawa. Hapo ndipo shafti ya krosi inapokusaidia: injini ikae usawa, nyuzi 0, shafti ya propela nyuzi 8, na shafti ya krosi katikati yake, nyuzi 4. Kila krosi, kile kiungo kinachopinda kwenye kila mwisho wa shafti hiyo, inapinda nyuzi 4. Zikipinda sawa, mtikisiko wa moja unafutwa na wa mwenzake. Ikipinda moja tu, boti nzima itatetemeka na misumari italegea.

Hatua ya 3: Nyumba ya beringi ya msukumo

Kwa shafti ya milimita 40 nilitumia beringi mbili za namba 30208. Tundu lake ni milimita 40, nje milimita 80, na roli zake zimelala mshazari, ndiyo maana zinapokea msukumo wa kwenda mbele na si uzito wa juu peke yake. Ni kaka zake beringi za haba ya gurudumu. Wazo lenyewe ni haba ile ile, ila hapa ganda limetulia na mhimili ndio unaozunguka.

Tafuta kipande cha bomba zito, ukuta usiopungua milimita 12, urefu milimita 200. Chini yake weka pleti ya milimita 12, na mbavu mbili kila upande. Chomelea vyote kwanza, viache vipoe vyenyewe bila kumwagiwa maji, ndipo upeleke kwa mkerezaji. Wengi wanafanya kinyume: wanakereza matundu safi halafu wanachomelea miguu. Moto unavuta bomba linakuwa yai, beringi inaingia kwa nyundo, na ndani ya mwezi inapiga kelele.

Mkerezaji atoboe tundu la kipenyo cha milimita 80 kutoka kila mwisho, aache bega katikati, na afanye pande zote mbili bila kulifungua bomba kwenye mashine. Akilifungua na kuligeuza, senta mbili hazitakutana. Mpe beringi zenyewe mkononi apimie. Namba ya kuandika kwenye karatasi isiwe ndiyo ushahidi wake wa pekee.

Ganda la kila beringi likae kwenye bega lake, upande mpana ukitazama nje. Shafti nunua ya milimita 45, ikerezwe hadi 40 pale beringi zinapokaa, ili beringi ya nyuma iegemee bega la shafti na ya mbele ikazwe kwa nati. Kaza huku unazungusha kwa mkono mpaka iwe nzito kidogo, kisha legeza kidogo sana. Isicheze, isigome. Funga nati kwa pini au washa ya kukunja. Weka sili mbele na nyuma, na nipo ya grisi.

Nyumba hii ifungwe kwa bolti nne za M16, daraja 8.8, juu ya boriti la kukatisha lililoshikana na mataruma, yaani mbavu za boti, na pia na vile vitanda virefu inavyokalia injini. Msukumo wa boti nzima unapita kwenye bolti hizo nne. Skrubu za mbao hapana, hata ziwe ndefu namna gani.

Hatua ya 4: Mauntini za injini

Tengeneza kwanza za boksi gumu, zile katoni za sabuni. Ninginiza injini kwa cheni bloku mahali pake, kata boksi, jaribu, kata tena. Boksi likikubali, lihamishie kwenye pleti ya milimita 6. Shika kwa nukta za moto injini ikiwa inaning'inia, kisha itoe na uchomelee nje ya boti. Raba tumia zile zile za Hiace. Kabla ya moto wowote karibu na injini, chomoa betri na waya za alterneta. Weka ndoo ya mchanga pembeni, mbao zenye mafuta zinashika haraka.

Hatua ya 5: Shafti ya krosi

Ikatwe ifupishwe na fundi mwenye mashine ya kukereza. Kabla hajakata, piga mstari wa chokaa au msumari kuanzia yoki (uma unaoshika krosi) ya mbele hadi ya nyuma, mistari irudi ikutane baada ya kuchomelewa. Hakikisha ile sehemu ya meno inayoteleza ina nafasi ya kwenda mbele na nyuma angalau sentimita mbili. Hapo msukumo hauna njia ya kufika kwenye giaboksi.

Hatua ya 6: Maji ya kupoza

Rejeta haina upepo chini ya sitaha. Nilipitisha bomba la nchi moja na nusu nje ya boti kandokando ya mkuku, mita 6 kila upande, pande mbili zikigawana maji ya injini na si kufuatana. Ndani ni maji safi yanayozunguka, nje ni ziwa linapoza. Thamostati usiitoe. Weka tangi dogo la juu kuliko injini yote, la sivyo hewa itakaa kwenye silinda hedi.

Ekzosi, tenki na umeme sitakaa navyo. Ekzosi ifungwe kitambaa cha nyuzi za kioo na isikaribie mbao, tenki liwe na bomba la hewa linalotoka nje, betri ifungwe isipinduke kusi likivuma.

Hatua ya 7: Majaribio

Shusha boti majini, iache siku mbili mbao zinywe na zikae, ndipo urudi kupima upya na kukaza. Umbo la boti nchi kavu si umbo lake majini. Kisha ifunge gatini kwa kamba nene, weka gia ya tatu, nusu mwendo, dakika ishirini, mkono kwenye nyumba ya beringi. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono, umekaza mno.

Pembeni kidogo: tusijione wa kwanza kwa kubadilisha injini mwambao huu. Meli ya Liemba ya ziwa hili ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa meli ya mvuke, ikazamishwa na wenyewe 1916 injini zikiwa zimepakwa grisi, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Ilipofika miaka ya 1970 ikatiwa dizeli. Grisi hiyo ikukumbushe injini yako uliyoiacha nje mvua za masika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Ujiji: Fundi shikamoo. Nimepata 1RZ ya petroli kwa nusu ya bei ya 3L. Niichukue?

Jibu: Marahaba. Usiichukue. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini kwenye ngama na kukaa. Cheche moja ya stata inatosha. Ongeza hela.

Swali, Kalya: Huku kwetu hakuna mkerezaji, mpaka nipande meli. Haba ya Canter haiwezi kufanya kazi ya hiyo nyumba?

Jibu: Inaweza, tena vizuri, lakini ya nyuma, si ya mbele. Ekseli ya nyuma ni bomba tupu, haba inazunguka juu yake na hafu shafti inapita katikati. Kata kipande hicho cha ekseli, kichomelee miguu haba ikiwa imetolewa. Flenji ya propela inafungwa kwenye haba. Shida itabaki kuunganisha meno ya hafu shafti na krosi, hapo meli huiepuki.

Swali, Katonga: Mimi ni mama mwenye boti, fundi kaniwekea mwaka jana. Ikifika mwendo fulani inatetemeka mpaka sufuria zinaanguka, ukizidisha inatulia. Yeye anasema ni injini.

Jibu: Dada, mwambie aweke giaboksi huru, injini ifikishwe mizunguko ile ile. Ikitulia, injini haina kesi. Afungue shafti ya krosi aangalie alama za yoki kama zimekutana, apime nyuzi za krosi zote mbili, kisha akague mapanga ya propela kama moja limepinda. Aanze na yoki. Hiyo haina gharama.

Swali, Kibirizi: Kwa nini nisivute tu maji ya ziwa yapite ndani ya injini? Naona wengi wanafanya.

Jibu: Nami nilifanya. Maji ya Tanganyika yana magnesia nyingi, yakichemka yanaacha gamba jeupe ndani ya njia za maji. Ongeza mchanga wa ufukweni. Mwaka mmoja na nusu, silinda hedi ikapasuka.

Swali, Ujiji tena: Glendi, ile sili ya kamba pale shafti inapotoka botini, inavuja. Nimekaza mpaka imekauka kabisa. Safi?

Jibu: Ilegeze leo hii. Kamba ya glendi inapozwa na matone hayo hayo. Shafti ikizunguka acha matone mawili matatu kwa dakika, ikisimama ndiyo ikauke. Ukikaza kavu itachoma kamba na kula shafti.

Swali, Mwanga: Na karatasi je?

Jibu: Mjulishe mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hujaanza kubeba watu. Akija, mfungulie mbao za sakafu aione nyumba ya beringi na zile bolti nne.