Jinsi ya kuwaonyesha watu sehemu sita walizotua wanaanga mwezini, ukiwa Kigoma

Wanaoandaa usiku wa kutazama mwezi, iwe kwa klabu ya shule au kwa majirani, mara nyingi huchagua mbalamwezi. Hiyo ndiyo tarehe mbaya kuliko zote. Mwezi ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, vivuli vinatoweka, na milima ya kilomita nne kwenda juu inaonekana imepigwa pasi. Wapangaji wa safari za Apollo, safari za Wamarekani kwenda mwezini, walilijua hilo. Kila chombo kilipangiwa kutua asubuhi ya mwezini, jua likiwa chini, kati ya digrii 5 na 14 juu ya upeo, ili rubani aone mashimo na mawe kwa vivuli vyake. Ukifuata tarehe zilizo hapa chini, utaiona kila sehemu ikiwa katika asubuhi yake, kwa mwanga unaokaribiana na ule waliotulia wenyewe.

Kwa hiyo hatuendi kwa namba za safari. Tunaenda kwa namna jua linavyochomoza huko: Apollo 17 na 11 kwanza, kisha 16, kisha 15, mwisho 14 na 12. Apollo 13 haimo, maana tangi lake la oksijeni lililipuka njiani Aprili 1970 na wanaanga wakarudi salama bila kutua.

Hatua ya 1: Vifaa

Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50 inatosha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 7x50 pia inafaa, ila kreta, yaani mashimo ya mwezini, zitakuwa ndogo. Ziepuke zile za kuchezea zenye vioo vyekundu vinavyometa.

Tatizo kubwa ni mkono. Kwa ukuzaji wa mara kumi, mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara kumi, na mtoto atasema anaona "taa inayocheza". Tumia stendi ya kamera. Ukiikosa, chimbia mti wenye panda urefu wa kidevu cha mtazamaji, weka darubini kwenye panda, uifunge kwa vipande viwili vya tyubu ya baiskeli. Tyubu inashika na inanyonya mtetemo. Kamba ya katani inateleza. Kwa watoto na watu wazima pamoja, andaa panda mbili za urefu tofauti, la sivyo utafungua na kufunga usiku kucha.

Kabla watu hawajafika, rekebisha vioo. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka ukingo wa mwezi ukatike kama kisu. Kisha fumba la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Wengi huiruka pete hiyo, halafu wanailaumu darubini.

Mwisho, chapisha ramani ya mwezi kwenye karatasi ya A4, yenye kaskazini juu na majina ya Kilatini, uibandike kwenye kadibodi. Tochi iwe na karatasi nyekundu mbele yake.

Hatua ya 2: Hesabu tarehe kwa mwezi mwandamo

Kalenda ya ukutani haitakusaidia hapa. Usiku ambao hilali imeonekana jioni, nyembamba kama ukucha, ndio usiku wa kwanza. Hesabu kuanzia hapo. Mawingu yakificha hilali na ukaja kuuona mwezi ukiwa tayari mnene na unakawia kuzama, huo uuite wa pili. Usitegemee tangazo la nchi nyingine; kosa la siku moja hapa ni digrii 12 za mwanga kule. Ukikwama, muulize mvuvi wa dagaa. Anayevua kwa taa anazijua siku za giza na siku za mwezi, kwa kuwa mbalamwezi humfanya aanike nyavu.

Siku unazotaka ni usiku wa 6, wa 7, wa 8 na wa 10.

Hatua ya 3: Mahali na saa

Juni hadi Agosti anga la Kigoma ni safi kwa mawingu, ila moshi wa mapori yanayochomwa huongezeka kadiri kiangazi kinavyosogea, na mwezi ulio chini hugeuka mwekundu na kuchezacheza. Utazame ukiwa juu. Usiulenge juu ya mapaa ya bati: bati lililopokea jua mchana kutwa hutoa joto mpaka usiku, na picha hutetemeka kama kitu kinachoonekana juu ya moto wa mkaa. Ufukwe au uwanja wa nyasi ni bora. Tabora ni tambarare na hakuna mlima wa kukuzibia, ila mapaa ya bati ni yale yale.

Onyo moja lisilo na mjadala: usitoe darubini kwenye mfuko kabla jua halijazama lote nyuma ya milima ya Kongo. Mtoto mmoja akielekeza darubini kwenye jua, hata kwa nukta moja, jicho linaweza kupofuka.

Usiku wa 6, saa 2 hadi saa 3 na nusu usiku ni wakati mzuri. Mwezi unakuwa umeteremka magharibi na shingo hazichoki. Usiku wa 7 na wa 8 mwezi unakuwa karibu na utosi jioni, hivyo ama tandika mikeka watu walale chali, ama subiri mpaka saa 3 na nusu. Usiku wa 10 una mambo yake, tutayafikia.

Hatua ya 4: Igeuze ramani

Hapa ndipo wengi hupotea. Ramani nyingi zimechorwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani, ambaye mwezi humpitia upande wa kusini ukiwa umesimama wima. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mwezi wetu hulala: mwezi mchanga huelea kama dau.

Ukiwa umetazama magharibi, kaskazini iko mkono wako wa kulia. Basi izungushe ramani robo mzunguko kwa mwelekeo wa mshale wa saa, mpaka kaskazini yake ielekee kulia. Sasa kitafute kiduara cheusi kilichojitenga, Mare Crisium, yaani Bahari ya Misukosuko. Mbinguni kitakuwa upande wa chini, karibu na ukingo unaong'aa. Kwenye ramani uliyoizungusha kitakuwa chini vilevile. Vikikubaliana, uko sawa.

Mwezi ukiwa mashariki, fanya kinyume: kaskazini ielekee kushoto na Crisium iwe juu.

Usiseme "mashariki ya mwezi" mbele ya watu, maana mashariki ya ramani hailingani na mashariki ya anga na utawachanganya. Sema "upande wa Crisium" na "upande wa kivuli".

Hatua ya 5: Usiku wa 6, Apollo 17 na Apollo 11

Kutoka Crisium elekea upande wa kivuli. Doa kubwa jeusi utakalolikuta ni Mare Tranquillitatis, Bahari ya Utulivu. Upande wake wa kaskazini imeungana na Mare Serenitatis. Zote hizo ni tambarare za lava iliyoganda. Tone la maji hakuna. Pale bahari mbili zinapokaribiana, kwenye ukingo ulio upande wa Crisium, kuna milima inayoingia na kutoka. Katika bonde mojawapo hapo ndipo Eugene Cernan na Harrison Schmitt walitua tarehe 11 Desemba 1972. Schmitt alikuwa mwanajiolojia, mwanasayansi wa kwanza kukanyaga mwezi, na safari yao ilileta kilo 110 za mawe na udongo. Tangu walipoondoka tarehe 14 mwezi huo, hakuna mtu mwingine aliyetua.

Sasa Apollo 11. Usiitafute kwa kukisia katikati ya bahari. Anzia kusini, kwenye kreta tatu zilizopangana mnyororo karibu na mpaka wa kivuli. Ya kaskazini kati ya hizo, yenye kilele katikati, ni Theophilus, upana wake kilomita 100. Ifanye kipimo chako. Toka hapo uende kaskazini karibu mara nne ya upana wake, mpaka uingie kwenye weusi wa Bahari ya Utulivu, kwenye ufuko wake wa kusini. Ni hapo.

Waeleze watu saa, kwa sababu saa huwagusa kuliko tarehe. Chombo kilitua Jumapili tarehe 20 Julai 1969, saa 5 na dakika 17 usiku kwa saa zetu. Mwezi wa siku sita ulikuwa chini magharibi, ukikaribia kuzama upande wa Kongo. Kwa aliyekuwa ufukweni Ujiji akiutazama, watu walikuwa juu yake wakati ule ule. Neil Armstrong aliteremka ngazi saa 11 na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, mwezi ukiwa umeshazama kwetu. Yeye na Buzz Aldrin walikaa nje kwa takribani saa mbili na nusu. Michael Collins alibaki akizunguka juu peke yake.

Na hapa ndipo somo la kivuli linapokamilika. Kompyuta ilikuwa ikikipeleka chombo kwenye kreta iliyozungukwa na mawe makubwa. Armstrong aliyaona, akashika usukani, akaruka mbele kutafuta pasafi. Chombo kilishuka kikiwa na jua mgongoni. Jua lingekuwa juu kiasi cha kulingana na mteremko wake, kila jiwe lingeficha kivuli nyuma yake na ardhi ingeonekana laini tupu. Jua la mwezini hupanda nusu digrii tu kwa saa, kwa hiyo tarehe ya kuruka kutoka Florida, 16 Julai, ilipangwa kwa kufuata asubuhi ya sehemu hiyo.

Hapo hapo mtu atauliza: mbona bendera haionekani? Jibu bila kuzunguka. Kwa 10x50 kitu kidogo kabisa unachoweza kukitambua mwezini kina upana wa kama kilomita 10. Sehemu ya chombo iliyobaki ina mita chache tu, na hakuna darubini yoyote iliyoko duniani inayoweza kuiona. Picha zake zipo, lakini zilipigwa na chombo cha Marekani kiitwacho LRO, kinachouzunguka mwezi tangu 2009. Akiendelea kubisha, mwambie habari ya vioo. Apollo 11, 14 na 15 ziliacha vioo vya kurudisha mwanga. Vituo duniani huvipiga kwa leza na kupima muda wa mwanga kurudi. Ndivyo ilivyojulikana kuwa mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka.

Hatua ya 6: Usiku wa 7, Apollo 16

Anzia tena Theophilus, sasa elekea upande wa kivuli mara tatu na kidogo ya upana wake, ukipanda kaskazini kidogo. Utajikuta kwenye ardhi nyeupe iliyojaa makovu. Watazamaji watasema hakuna kitu hapo, na wana haki. John Young na Charles Duke walipelekwa huko Aprili 1972 kwa sababu wanasayansi waliamini vilima hivyo ni vya volkano. Mawe yakasema vingine: mengi yalikuwa yamepondwa na kugandamanishwa upya na mapigo ya vimondo. Kama ni kumweleza mtoto kwa nini ilibidi mtu aende na nyundo badala ya kutosheka na picha, ni hapa.

Hatua ya 7: Usiku wa 8, Apollo 15

Huu ndio usiku mzuri kuliko yote; ukipata usiku mmoja tu, chukua huu. Katika nusu ya kaskazini, safu ya milima imejipinda kama upinde na kung'aa pembeni mwa kivuli: Montes Apenninus. Ndani ya upinde kuna kreta iliyojaa lava, sakafu yake laini, Archimedes. Kutoka Archimedes rudi upande wa Crisium, ukishuka kusini kidogo, mpaka mguu wa milima. David Scott na James Irwin walitua hapo tarehe 30 Julai 1971 wakiwa na gari la kwanza la mwezini, na wakaenda nalo jumla ya karibu kilomita 28. Walileta jiwe jeupe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 4, kipande cha gamba la kale la mwezi. Korongo walilosimama ukingoni mwake halionekani kwa 10x50, usimpotezee mtu muda.

Hatua ya 8: Usiku wa 10, Apollo 14 na 12

Jioni mwezi uko mashariki, basi kaskazini ni kushoto. Ila unavuka utosi kati ya saa 3 na saa 4 usiku, na baada ya hapo kila kitu kinageuka. Maliza kabla ya saa 2 na nusu, au anza saa 4 na nusu ukiwa na ramani ya magharibi. Ukianzia upande mmoja na kuendelea upande wa pili utaonyesha watu mahali pasipo penyewe, kwa kujiamini kabisa.

Tafuta Copernicus, kreta ya kilomita 93 yenye ngazi ndani ya kuta zake. Shuka kusini kama kilomita 400, karibu urefu wa reli kutoka Tabora mpaka Kigoma. Ukielemea kidogo upande wa Crisium uko Fra Mauro, palipokusudiwa Apollo 13 na kutuliwa na Apollo 14 tarehe 5 Februari 1971. Kilomita 180 kutoka hapo, kuelekea kivuli, ni Apollo 12. Apollo 11 ilikuwa imepitiliza shabaha kwa kilomita kadhaa. Pete Conrad na Alan Bean, Novemba 1969, walitua chini ya mita 200 kutoka Surveyor 3, chombo kisicho na mtu kilichotangulia huko Aprili 1967, wakaikata kamera yake na kurudi nayo.

Mawingu yakikunyima usiku mmoja, wa kesho yake bado unafaa, vivuli vikiwa vifupi zaidi. Ukikosa wa pili, ngoja siku 29 na nusu.